Nilivyosafisha ekari moja ya mathenge, Marigat

Mathenge ni mti wa miiba (Prosopis juliflora) ulioenea hapa Marigat, Baringo, Kenya. Kila aliyepita kando ya shamba alinishauri vilevile: kata, choma, basi. Ushauri huo ulinipotezea msimu mzima. Mathenge iliyokatwa usawa wa ardhi haifi, huzidi. Nilikata miti ya shina moja moja wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza ilipopiga, kila kisiki kikatoa machipukizi manane, kumi, hata zaidi. Palipokuwa na njia pakawa kichaka.

Siri iko chini ya udongo. Fukua kisiki, ukifute kwa kiganja, utazame shingo yake, pale shina linapoungana na mzizi mkuu. Gome la hapo lina vinundu kama chunusi. Hayo ndiyo macho yanayochipua, na hushuka hadi sentimita 10 au 15 chini ya ardhi. Chini zaidi mzizi hauna macho. Ukikatwa huko, huoza.

Kwa hiyo msimu wa pili nilifuata mzizi. Subiri udongo uwe na unyevu, maana ukikauka sururu inadunda tu. Kwanza pogoa matawi ya chini kwa panga la mpini mrefu, uyavute mbali, kwa sababu mwiba wake hupenya soli ya akala, hukatikia ndani ya nyama, na mguu huvimba siku kadhaa. Chimba kuzunguka shina hadi sentimita 20, ukate mzizi mkuu kwa shoka, shingo nzima itoke. Usiiache imelala kwenye udongo mbichi, igeuze juani. Visiki vinene kuliko paja vilinishinda kukata, nikavichimbia shimo pande zote, nikajaza matawi makavu na kuwasha moto uliokesha. Moto wa juu juu bila shimo hauifikii shingo.

Vibarua wawili niliwalipa kama shilingi 500 au 600 kwa siku kila mmoja. Makaa yalirudisha sehemu kubwa ya pesa hizo, kwani kuni za mathenge ni nzito na makaa yake hukaa motoni.

Wengi husahau mbuzi. Maganda yakiiva huwa ya manjano na matamu. Mbuzi hula, mbegu hupita tumboni salama na kuanguka na samadi, tayari kuota. Mbuzi waliokula maganda niliwafungia bomani siku 7 kabla ya kuwaingiza kwenye eneo safi. Tena, kulisha maganda matupu huozesha meno. Wakazi wa Baringo walipoishtaki serikali kwa kuleta mti huu, walimpeleka mahakamani mbuzi kibogoyo.

Maganda yenyewe ni chakula kizuri yakisagwa pamoja na mbegu. Yaanike mpaka yavunjike kwa mlio ukiyakunja, uyasage adhuhuri jua likiwa kali. Jioni hufyonza unyevu, sukari ikayeyuka, chekeche ya mashine ikaziba kwa uji wa kunata. Changanya debe moja la unga huo na manne ya chakula kingine. Kabla ya kulisha, tia mkono kwenye unga: ukigusa mbegu nzima, rudisha mashineni.

Eneo lililo wazi nilipanda nyasi za malisho mara moja. Mbegu za zamani bado zimo udongoni, kwa hiyo kila baada ya mvua napita niking'oa miche kwa mkono ingali na majani mawili. Nikichelewa wiki chache, mzizi umeshazama na inabidi nirudi na sururu.