Karai la Shangazi

Kanjo, askari wa kaunti, walipolibeba karai la shangazi pale Mwembe Tayari, Mombasa, mafuta yalikuwa bado ya moto. Waliyamwaga mtaroni, viazi na yote, wakautupa mwiko nyuma ya gari. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni, begini nina fotokopi ya Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani, kile kitabu chake cha sheria na maadili cha mwaka 1797.

Jioni nikamweleza. Kant asema hata watu wote wangekuwa wema, pasipo dola kila mmoja angefuata analoliona yeye ndiyo haki, na wakizozana hakuna wa kuwaamua. Kwa hivyo akili yenyewe yatulazimisha tuwe chini ya sheria moja. Tukishaingia, hakuna kuasi, hata mtawala akidhulumu. Raia hubaki na kulalamika, na kalamu yake.

Shangazi alikuwa mkekani akichambua mbaazi. "Basi kesho tukalalamike," akasema.

Kortini alikiri. Leseni hakuwa nayo, na hilo hakulibisha. Akalipa faini, risiti akaifunga kwenye pindo la leso. Nilidhani yameisha, kumbe yeye ashika njia ya ofisi wanakoweka vitu vya watu.

"Mwanangu," akamwambia kijana wa dirishani, "faini nishalipa. Karai langu liko wapi?"

"Mama, hivyo vishataifishwa."

"Nani kahukumu? Hakimu hakulitaja karai."

Kijana akacheka. Hapo nikaingilia na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 47: hatua ya ofisi ya umma sharti iwe halali, ya busara na yenye kufuata utaratibu, na anayeumizwa nayo ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kijana akamwita mkubwa wake, naye akataka kujua mimi ni wakili wa nani.

"Ni mtoto wa ndugu yangu," shangazi akamjibu. "Mimi nataka maandishi tu, baba."

Tukawekwa benchini. Nilikuwa na wakati wa kufikiri. Kant ashikilia kwamba adhabu ya korti humpata mtu kwa kosa alilotenda, si kwa faida ya mwingine, na shangazi alikuwa amesimama papo hapo bila kufungua ukurasa. Lakini Kant huyo huyo asema mtawala hawezi kulazimishwa na raia wake kutimiza wajibu. Hapo sikubaliani naye mpaka leo. Akili inayomfunga muuza viazi na isimfunge mwenye gari la kanjo, mimi naiona nusu akili. Katiba yetu, kwa yote inayolaumiwa, yamruhusu muuza viazi kuishtaki serikali.

Maandishi hayakuja. Likaja karai, baada ya adhuhuri, limebebwa na askari asiyetutazama usoni. Shangazi akalinusa.

"Nani kakaangia samaki humu?"

Kimya.

"Haya. Na mwiko?"