Snobodi yangu ya plaiwudi, na pasi ya waifu iliyoponza

Basi winta ya 1991 ilikuwa ya pili kwangu pale Grand Rapids, Michigan. Mtoto wa Lushoto mi baridi naijua ila theluji hapana, nikawa nawaona watoto wa mtaani wanashuka kilimani wamesimama juu ya snobodi, ubao wa kutelezea thelujini, nikasema kwani hii si ndo ile yetu ya kukalia gome la mgomba unaserereka kwenye majani mpaka kaptula inatoboka? Shida ni bei, snobodi dukani ilikuwa inameza kodi yangu ya mwezi, na mi mwanafunzi naosha vyombo usiku.

Aliyenitia moto ni mzee jirani, Mmarekani, gerejini kwake alikuwa na Snurfer ya zamani, mababu wa snobodi, ubao mtupu una kamba puani ya kushikia, cha kufungia miguu hakuna. Akanipa stori ya huo ubao: Krismasi ya 1965, Muskegon hapo maili kama 40 tu, Sherman Poppen alichukua ski mbili (zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea thelujini) akaziunganisha kwa vibao vya kukingama ili mabinti zake wapate cha kuchezea, mkewe ndo akatunga hilo jina, kampuni ya Brunswick ikaja kuzitengeneza kwa wingi. Nikajisemea kama snobodi za dunia nzima zimeanzia kwenye ski mbili zilizopigiliwa misumari na mi nitashindwa nini.

Nilishindwa bwana. Ubao wa kwanza nilikata plaiwudi nene, pua ikagoma kabisa kupinda, nikaenda nayo hivyo hivyo imenyooka. Mita tano tu ikachimba theluji kama jembe, ubao ukabaki mi nikaendelea na safari.

Wa pili nikanunua plaiwudi nyembamba vipande viwili, nikawa namwagia sehemu ya pua maji yanayochemka, nakandamiza kidogo kidogo kwenye gogo kwa jiliwa za yule mzee, na usilazimishe, ukisikia inalia *krii* acha, ongeza maji. Siku mbili imekauka imeshika umbo ndo nikapaka gundi ya waunda boti nikazibana pamoja (ukibandika mbao zikiwa mbichi zinaachana kama kitabu kilicholowa, hilo nililipia). Miguuni nikapigilia mikanda ya tyubu ya baiskeli, nachomeka na rain buti zangu, puani kamba.

Ikawa inateleza halafu inakwama, theluji inaganda chini donge zima. Mbao inakunywa maji, lazima uizibe. Mzee akasema nta, na ya kuyeyushia ndani ya mbao sio ya kupaka juu juu. Nta sina ila mishumaa ipo, na pasi ipo. Nikawa nadondoshea mshumaa napitisha pasi, moshi jikoni, huku waifu yuko kazini. Aisee siku ile nilishuka kilima chote nimesimama, napiga kelele kwa Kisambaa peke yangu, watoto wa kizungu wananishangaa.

Jumapili waifu akapiga pasi gauni lake jeupe la kanisani. Nadhani mmeshaelewa. Sasa hivi wanangu wana snobodi za dukani na buti zake, ile yangu iko ukutani gerejini, na kila nikitaka kuisimulia kwa wageni mama watoto ananiuliza mbele yao gauni langu liko wapi.