Mtamba wangu alivyozaa mchana kweupe

"Ukiona kwato tu, vuta." Ushauri huo nilipewa na watu watatu hapa Kibosho, Kilimanjaro, na mwaka juzi nikaufuata. Ng'ombe hajafunguka vizuri, tukafunga kamba, wanaume wawili wakavuta. Ndama akatoka amekufa, na mama yake akachanika vibaya. Nililia kama nimefiwa.

Kwa huyu mtamba, ng'ombe ambaye hajawahi kuzaa, nilikataa kuharakishwa. Alipigwa mbegu tarehe 10 Juni, nikaandika kwa mkaa kwenye mlango wa banda, nikahesabu siku 283 za mimba. Hofu yangu kubwa ilikuwa usiku, maana umeme hukatika na bwana mifugo hapandi huku gizani. Mzee mmoja wa Uru akaniambia, "Mama, mlishe jioni, atazaa mchana." Basi wiki mbili za mwisho mabua na majani ya migomba nikawa nampa saa mbili usiku, mchana hori tupu, maji tu. Alinililia siku mbili za kwanza, nikakaza moyo. Si kila ng'ombe hutii, ila wengi hutii.

Kiwele kilijaa hadi chuchu zikang'aa. Kila asubuhi nilimpapasa kando ya shina la mkia. Kano zilizokuwa ngumu kama kamba ya katani, tarehe 19 Machi nilizikuta zimelegea kama mkate uliolowa chai. Nikajua ni leo.

Saa nne asubuhi chupa ikapasuka. Kwato mbili, nyayo zikiangalia chini, pua imelala juu ya magoti. Mwanangu akaja mbio na kamba: "Mama, nivute?" Nikamwambia, "Weka chini, baba. Amekaa vizuri." Nilijipa saa moja, ikipita bila kusogea nampigia bwana mifugo. Dakika arobaini, ndama chini! Hakupumua haraka, nikamtekenya puani kwa jani kavu, akapiga chafya. Sitaisahau chafya ile.

Kitovu cha ndama nikakipaka aidini. Na jamani, acheni kumwaga dang'a, maziwa ya kwanza, eti ni chafu! Ndiyo kinga ya ndama. Wangu alinyonya lita mbili kabla ya saa sita mchana.

Kondo la nyuma lilitoka saa tisa. Jioni nikampa mama yake maji ya uvuguvugu yenye pumba, akamaliza ndoo nzima huku akimlamba binti yake.