Mabruda wa Kikatoliki na maandishi ya Thomas Paine

Chuo Kikuu cha Iona kiko North Avenue, mjini New Rochelle, jimbo la New York, mwendo wa nusu saa na ushei kwa treni kutoka Grand Central. Kilianzishwa mwaka 1940 na mabruda wa Kikatoliki wenye asili ya Ireland, na hadi 2022 jina lake lilikuwa Iona College. Ndani yake kuna Taasisi ya Tafiti za Thomas Paine, mwandishi wa zama za mapinduzi ya Marekani. Kazi ya taasisi hiyo ni kuhifadhi na kuchambua maandishi ya mtu ambaye, pamoja na mengine mengi, aliandika kitabu cha kuikosoa Biblia kitabu kwa kitabu na kuyakana makanisa yote, la Roma likiwemo. Nimeishi mitaa ya huku miaka kadhaa sasa, na katika yote niliyoyaona Marekani, machache yamenigusa kama hili.

Wengi wetu tunafika huku tukiwajua Washington na Jefferson kwa kuwa sura zao ziko kwenye noti. Paine hayumo kwenye noti yoyote. Mimi nilimjua kupitia mzee niliyekuwa nikimhudumia nyumbani kwake, mwalimu mstaafu wa historia, aliyependa nimsomee kwa sauti baada ya chakula cha mchana. Aliponiambia kwamba mwandishi huyu alikuwa mhamiaji kama mimi, nikaanza kusoma kwa ajili yangu mwenyewe.

Alizaliwa Thetford, Uingereza, mwaka 1737, mtoto wa fundi wa kushona nguo za kubana viuno vya wanawake. Akajifunza kazi ya baba yake, akaajiriwa kukusanya ushuru, akaandika kuwatetea wakusanya ushuru wenzake waongezwe mshahara, akafukuzwa kazi. Ndoa nayo ikavunjika. Mwishoni mwa Novemba 1774 alifika Philadelphia akiwa na umri wa miaka 37, hoi kwa homa hata ikabidi ateremshwe melini kwa kubebwa, na mkononi ana barua ya Benjamin Franklin ya kumtambulisha. Miezi kumi na tatu baadaye, tarehe 10 Januari 1776, kikatoka kijitabu chake cha kurasa 47, Common Sense, bila jina la mwandishi. Kilisema waziwazi jambo ambalo wakubwa walikuwa wakilizungukazunguka: kwamba hakuna maana ya kisiwa, yaani Uingereza, kulitawala bara la Amerika, na kwamba ufalme wenyewe ndio ugonjwa. Kikasomwa vilabuni, makanisani na majumbani. Sehemu yake ya faida aliitoa ili wanajeshi waliopelekwa Quebec wanunuliwe glovu za baridi. Desemba ya mwaka huohuo, jeshi la Washington lilipokuwa linarudi nyuma na askari wanatoroka, akaandika ule mstari usemao hizi ndizo nyakati zinazopima roho za watu.

Kwa kazi hiyo jimbo la New York lilimpa shamba hapa New Rochelle mwaka 1784, lililotaifishwa kwa mtu aliyekuwa upande wa mfalme. Na mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1688 na Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso ya dini kwao, kwa hiyo historia yake yote ni ya watu waliotoka mahali.

Sasa sikilizeni yaliyompata baadaye, maana hapa ndipo mtu wa ughaibuni anapokaza macho. Aliporudi Ulaya aliandika Rights of Man kuyatetea mapinduzi ya Ufaransa, na Uingereza ikamhukumu kwa uchochezi mwaka 1792 hali hayupo mahakamani. Wafaransa walikuwa wamemchagua kuwa mbunge ingawa hakujua kuzungumza lugha yao. Akasimama bungeni kuomba mfalme Louis asiuawe, apelekwe uhamishoni Marekani. Kwa hilo aliwaudhi waliokuwa na nguvu, na Desemba 1793 akawekwa gerezani. Serikali ya Ufaransa ilimhesabu kuwa Mwingereza, yaani raia wa adui. Balozi wa Marekani aliyekuwapo wakati ule hakumsaidia, na aliyemfuata, James Monroe, akasema huyu ni raia wetu. Kwa neno hilo akatolewa Novemba 1794, amekonda, afya imemwishia.

Akarudi Marekani 1802. Mwaka 1806 akaenda kupiga kura hapahapa New Rochelle, na wasimamizi wa uchaguzi wakamkatalia wakisema si raia. Mtu aliyewaambia watu wa nchi hii kwamba wanaweza kuwa nchi! Kila nisomapo kisa hicho huwa nasimama kidogo, kwa sababu nimekaa kwenye viti vya ofisi za uhamiaji na najua uzito wa kuambiwa na karani kwamba hutambuliki.

Alifariki tarehe 8 Juni 1809 huko Greenwich Village. Waquaker, dini ya baba yake, walikataa azikwe makaburini kwao, kwa hiyo maiti ikaletwa shambani New Rochelle. Waliomzika walikuwa wachache kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Mwaka 1819 William Cobbett, mwandishi wa Kiingereza ambaye ujanani alimtukana Paine kwa kalamu na uzeeni akawa mfuasi wake, alikuja akayafukua mifupa, akaipeleka Uingereza akitaka kumjengea kumbukumbu. Kumbukumbu haikujengwa. Cobbett akafa 1835 na mifupa ikapotelea mikononi mwa watu.

Kwa hiyo hakuna kaburi la kuzuru. Kuna mnara uliosimamishwa mwaka 1839, karibu na pale alipozikwa, na kuna kijumba chake cha mbao ambacho mwaka 1908 kilihamishwa kutoka kilipokuwa ili kisibomolewe. Ndani kuna jiko la chuma ambalo husemwa alipewa na Franklin. Na kuna maandishi. Mwaka 1884 wapenzi wake waliunda jumuiya ya kitaifa ya kulinda jina lake, wakakusanya barua, vitabu na picha kwa miaka mingi. Thomas Edison mwenyewe alishiriki kuanzisha ujenzi wa jengo la jumuiya hiyo mwaka 1925. Mkusanyiko huo ndio uliokuja kukabidhiwa Iona.

Nimewahi kusimama mbele ya kijitabu cha zama zile. Ni kidogo, cha kushika kwa mkono mmoja, kimeshonwa kwa uzi, na herufi ya s imerefushwa hata mgeni ataisoma f. Karatasi zilitengenezwa kwa matambara ya nguo kuukuu, na kwa sababu hiyo zimestahimili kuliko magazeti mengi ya karne ya 20, ambayo hugeuka manjano na kumeguka ukiyagusa.

Kuhifadhi pale si kufungia makabatini tu. Katika karne ya 18 makala nyingi za siasa zilitoka bila jina au kwa jina la bandia, na Paine akabebeshwa nyingi ambazo huenda si zake. Watafiti wa taasisi wameshirikiana na wataalamu wa kompyuta wa chuo kutafuta ukweli kwa hesabu. Programu inafundishwa mtindo wa waandishi mbalimbali wa wakati ule, na inachoangalia zaidi ni vijineno ambavyo mwandishi haviwazii anapoandika, mfano wa "na", "ya", "kwa" na "lakini" kwetu. Mtu anaweza kuficha jina, hata kubadili msamiati, ila namna anavyopanga vijineno hivyo humtoka bila kujua. Makala yenye shaka hulinganishwa na alama hizo, kisha wanahistoria nao huangalia tarehe, gazeti na mazingira kabla ya kusema lolote.

Miongoni mwa maandishi yenye mjadala ni makala ya kupinga utumwa wa Waafrika iliyotoka Philadelphia Machi 1775. Kwa zaidi ya karne moja ilihesabiwa kuwa yake, na kwa mtu mweusi aliyezaliwa Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa 1873 tu, ingependeza iwe yake. Wanahistoria kadhaa wameitilia shaka, na mimi naona heshima kubwa katika kazi ya namna hii, ya kukubali kulichunguza hata jambo linalompamba mtu unayemhifadhi. Lililo lake bila ubishi ni jibu alilowapa Wafaransa wa Louisiana mwaka 1804, walipodai kuruhusiwa kuingiza watumwa kwa jina la haki zao. Aliwauliza kama wangethubutu kumwomba Mungu haki ya namna hiyo bila kuogopa kuangamizwa.

Yake pia ni Agrarian Justice, ya mwaka 1797. Alipendekeza kila mtu akifikisha miaka 21 apewe pauni 15 za kuanzia maisha, na kila mwenye miaka 50 na kuendelea apewe pauni 10 kwa mwaka, tajiri kwa maskini, kwa sababu ardhi ilikuwa ya wote kabla haijawa ya wachache. Alisisitiza kwamba ni haki, si sadaka. Nyumbani Zanzibar Pensheni Jamii ilianza 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, na haiulizi kama mtu aliwahi kuajiriwa. Nilimsimulia bibi yangu kwa simu kwamba kuna mtu alilitaka jambo hili zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Akasema, "Mungu amrehemu, mjukuu wangu. Aliwaona wazee."

Bibi huyuhuyu ndiye aliyenifanya niandike haya. Katika zama za siasa, yaani miaka ya ushindani wa vyama Zanzibar kabla ya Mapinduzi, babu alikuwa akinunua magazeti ya pande zote: Mwongozi, Afrika Kwetu, baadaye na ZaNews. Aliyasoma, akayabishia barazani, akayapanga sandukuni kwa tarehe. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 bibi aliyatia jikoni moja moja, akapikia, kwa kuwa hakuna aliyejua lipi lingemletea mtu balaa. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa na watoto wadogo ndani na hofu mlangoni.

Lakini nikiwaona wanafunzi wa chuo cha mabruda wakiingia kusoma mtu aliyeyakana makanisa, na chuo kikigharamia karatasi zake zisiharibike, nasema hata sisi tunaweza. Gazeti la chama usichokipenda ni ushahidi wa watu wako pia. Anayehifadhi hatakiwi kukubaliana na kila mstari. Anatakiwa kulinda mstari usibadilishwe, ili atakayekuja abishane na maneno yenyewe badala ya kubishana na uvumi.

Ndugu zangu mlio Muscat, Dubai, London, Toronto na kwengineko, najua baadhi ya masanduku yale yaliondoka na familia zenu. Kama mna nakala za magazeti ya zama za siasa, barua au vipeperushi, kwanza vipigeni picha kila ukurasa, nyuma na mbele, pamoja na tarehe. Visiwekwe kwenye mifuko ya plastiki, vinakusanya unyevu. Bahasha ya karatasi na mahali pakavu vinatosha kwa sasa. Andikeni pembeni, kwenye karatasi nyengine, nani alikuwa mwenyewe na vilipitia mikono gani. Kisha waandikieni Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, muwaulize namna ya kuvikabidhi au kuwapa nakala. Na wazee waliosoma magazeti hayo yakiwa mapya wangali hai wachache, waulizeni mwaka huu.