Nilivyowaingiza maafande wastaafu jikoni

Kumpunguzia chumvi mzee aliyepigana Vita vya Kagera ni kazi. Aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipotekwa, Aprili 1979, sasa amevuka 65, na mara nyingi presha au kisukari kimeshabisha hodi. Kliniki hapa Mtwara ananiitikia, "Sawa mwanangu," akifika nyumbani anamwagia mchuzi chumvi hata hajauonja. Nikaona maneno hayatoshi, nikaomba jiko uani kwa sajini mmoja mstaafu, tupike pamoja.

Sharti langu lilikuwa moja: mume na mke waje pamoja. Wazee wakanung'unika kwamba jikoni si kwao. Nikawauliza, kule msituni mlikuwa mnapikiwa na nani? Wakacheka, wakashika visu.

Tulianza na chumvi. Kila mke aliweka kwenye sahani kiasi anachotia kwenye chungu cha mchana, mume akaongezea ile yake ya mezani. Sajini akaitazama sahani yao, akasema, "Hii ya wiki nzima." Mkewe akamjibu, "Ya leo mchana hiyo, baba." Ndipo nikawaonyesha kijiko cha chai kilichosawazishwa: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko hicho, na humo imo chumvi ya mkate, ya ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, na ya vidonge vya mchuzi.

Ng'onda tuliloweka usiku kucha, tukamwaga maji, tukachemsha, tukamwaga tena. Mbaazi tukapika sufuria mbili, moja kama kawaida yao, nyingine chumvi kidogo, ila imejaa kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Wakaonja bila kuambiwa ipi ni ipi. Wengi waliisifu ya ndimu. Mmoja alisema hicho ni chakula cha wodini, nikamwongezea pilipili.

Nazi sikuipiga marufuku. Kumnyima mtu wa Kusini nazi ni kutafuta ugomvi tu. Mafuta yake ni ya kupimwa, kwa hiyo mbaazi zilichemka kwa tui la pili, lile jepesi, na tui zito likaingia kidogo mwishoni. Ugali wa muhogo nao ulibaki, ila robo ya sahani. Nusu ikawa matembele au kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa sawasawa, robo nyingine samaki au mbaazi.

Dawa sikumwachisha mtu. Wenye shida ya figo niliwataka wamwone daktari kwanza, maana mboga za majani na jamii ya kunde zina potasiamu nyingi.

Kilichotushinda hadi sasa ni sukari ya chai. Sajini ameshuka kutoka vijiko vinne hadi viwili, anadai hapo ndipo mpaka ulipo, na mkewe ameanza kuficha kopo.