Kaweka kamera, akaenda kunywa chai

Leo siku ya nne, na maneno ya Shangazi bado yananizunguka kichwani. Alhamisi usiku tulikuwa sebuleni tunatazama Nattvardsgästerna, filamu ya mwongozaji wa Uswidi Ingmar Bergman, ile ya 1963, tumefika pale mwalimu Märta anapoisema barua yake. Uso mtupu wa mwanamke umejaa kioo chote. Shangazi akatua kikombe. "Mwanangu, huyu mzungu wenu kaweka kamera, akaenda kunywa chai?" Sebule nzima ikaangua kicheko. Nikasema, "Hapana, Shangazi," nikanyamaza. Mkubwa habishiwi mbele ya watoto.

Tangu hapo Salma kaolewa, wageni wamekuja na kuondoka, ofisi imehamia ghorofa ya pili, na mimi bado namjibu Shangazi nikiosha vyombo.

Ningemwambia hivi. Uso ule unakaa pale dakika kama sita, ukikatizwa mara moja tu na kumbukumbu ya mikono yake yenye ukurutu. Kamera inakula futi 90 za utepe wa filamu wa milimita 35 kila dakika. Mwigizaji akijikwaa dakika ya nne, futi 360 zimekwenda na maji, na lazima aanze tena sentensi ya kwanza. Kwenye filamu nyingine ungeonyesha dirisha au mkono ulioshika karatasi, ukaunganisha vipande viwili vizuri na mtu asijue. Hapa hakuna pa kujificha. Tena kamera ikisogea karibu namna ile, sehemu iliyo ndani ya fokasi, yaani inayoonekana kali bila ukungu, ni sentimita chache tu. Ingrid Thulin, anayemwigiza Märta, akiegemea mbele kidogo, macho yanafifia na sikio ndilo linabaki kali.

Halafu mwanga. Hapo ndipo ningemkalisha Shangazi chini kabisa. Hadithi inapita katika saa chache za Jumapili moja ya Novemba, kanisani kijijini, mawingu yametanda. Siku ya mawingu haina vivuli: mwanga unatoka kila upande na hautoki popote. Bergman na mpiga picha wake, Sven Nykvist, walikwenda kukaa kanisani kaskazini mwa Uswidi kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana, wakitazama tu mwanga unavyobadilika ukutani. Bergman alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, kanisa amelijua tangu akiwa mdogo, na bado alikwenda kulitazama upya. Baada ya hapo kanisa la ndani likajengwa studio, na studio haina mawingu. Ukiwasha taa moja, pua inatupa kivuli. Ukiwasha ya pili, vivuli viwili. Ukiongeza ya tatu ili uvifute, uso unakuwa bapa kama sahani. Nykvist aliacha kuelekeza taa usoni. Aliupiga mwanga kwenye vitu vyeupe ili urudi umelainika, au akaupitisha kwenye karatasi nyembamba mfano wa zile za kufungia siagi. Mwanga wa namna hiyo unapungua nguvu sana njiani, ndiyo maana unataka taa nyingi ili kupata kitu kinachoonekana kama hakuna taa hata moja.

Na huyo Nykvist, wazazi wake walikuwa wamisionari Kongo enzi za Wabelgiji, yeye akalelewa na ndugu Uswidi. Hilo Shangazi angelipenda, maana yeye akishajua mtu ni mtoto wa nani, ndipo humsikiliza.

Ningemwongezea na Persona, filamu nyingine ya Bergman, ya 1966, pale mwigizaji Bibi Andersson anapomsimulia mwenzake Liv Ullmann habari za mtoto. Maneno yale yale tunayasikia mara mbili: kwanza tunamwona anayesikiliza, kisha anayesema. Mpango ulikuwa kuchanganya nyuso hizo mbili kwenye chumba cha uhariri, huku na huku, kama wafanyavyo wote. Bergman akaziacha zote mbili nzima, na mwishoni nusu ya uso huu ikaunganishwa na nusu ya uso ule. Mtu aliyekwenda kunywa chai hafanyi uamuzi wa namna hiyo.

Basi hotuba yangu ilikuwa imekamilika. Leo asubuhi naanika nguo, ndipo nikakumbuka kwamba Shangazi hakuishia pale. Kicheko kilipotulia aliuliza kwa sauti ya chini, kama anajiuliza mwenyewe: "Na mbona anatuangalia sisi? Si barua kamwandikia mchungaji?"

Nilikuwa nimeshanuna, sikumjibu.

Mwigizaji hufundishwa asiiangalie lenzi. Macho huelekezwa pembeni yake kidogo, tuamini kuwa anaongea na mtu mwingine. Thulin anaitazama lenzi yenyewe, moja kwa moja, mpaka barua inaisha. Mchungaji Tomas anayeisoma ametoweka, na anayelaumiwa kwa kutopenda ni yule aliyekaa kwenye kochi. Karatasi zile, futi zile, mawingu yale ya bandia, vyote vinamsaidia Märta atushike macho tusiweze kugeuka. Shangazi alishikwa. Aliona ndani ya dakika moja kitu ambacho mimi nilikiona mara ya tatu, na kikombe kile hakukinyanyua tena mpaka barua ikaisha. Chai yake niliimwaga mwenyewe, imepoa na imefanya utando juu.

Ijumaa namletea Persona. Nitakaa kimya, rimoti nitampa yeye, na akiuliza nitamwuliza kwanza yeye kaona nini. Nimefurahi tangu asubuhi, hata vibanio vya nguo nimevisahau kwenye kamba.