Sekunde tatu za shangazi

Mwaka 1989 baharia mmoja, jirani yetu pale Ngamiani, Tanga, alirudi na kanda ya Queen, bendi ya Uingereza. Masikio yangu ya miaka 15 yalijaa taarabu ya Black Star na Lucky Star. Kilichonishtua kwenye "Bohemian Rhapsody" hakikuwa gitaa. Baada ya dakika ya 3, katikati ya zile kelele, nilisikia watu wakiimba "Bismillah". Baharia akacheka: "Huyo mwimbaji mzaliwa wa hapo ng'ambo tu, Unguja." Kweli, Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar, 1946.

Kanda tupu sikuwa nayo. Nikachukua ya shangazi, ya dakika 60: upande A taarabu aliyorekodi kutoka Redio Tanzania (RTD), upande B mtupu. Alikuwa amevunja vijino vyote viwili vya mgongoni ili pasirekodiwe tena. Nikajaza karatasi kwenye kishimo cha kushoto, upande B ukinitazama, tukarekodi kwenye deki mbili za baharia.

Siku ya tatu redio yetu ikaitafuna. Roli ya mpira ilikuwa imeganda unga wa kahawia, ikawa inanata utepe badala ya kuupitisha. Betri nazo zimechoka, hata ukizianika juani, kwa hiyo gurudumu la kupokea halikuvuta. Hapo unazima, unairudisha roli nyuma taratibu kwa kidole. Mimi nikavuta.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umevuta, eeh?"

Akafungua skrubu tano, akiilaza kanda mezani bila kuiinamisha, maana vigurudumu vya pembeni hudondoka. Utepe uliokunjamana ulifika sentimita 14. Huo haunyooki tena, akautupa. Ncha mbili zilizobaki akazilaza moja juu ya nyingine, akazikata pamoja kwa wembe, mshazari. Ukikata wima, kiungo kinapiga "tap" kikipita kwenye kichwa, kile kinachosoma sauti. Zikishakatwa, ncha zinakutanishwa, hazipandishwi. Selotepu ikakaa mgongoni, upande usiogusa kichwa, nyembamba kuliko utepe wenyewe ambao hata milimita 4 haufiki. Ikizidi pembeni, kwa joto la Tanga gundi inavuja na kushika mzunguko wa juu yake. Mwisho akakagua kama utepe haukujipinda; ukipinda, sauti inafifia na nyimbo zinarudi kinyumenyume.

Roli akaisugua kwa pamba na spiriti. Pamba ikatoka kahawia. "Hii ndiyo sauti yako," akasema, na hakutania: sauti hukaa kwenye ule unga wa chuma. Queen wenyewe wamesimulia kwamba walirundika sauti juu ya sauti mpaka utepe wao wa studio ukachakaa, mwanga ukapenya.

Kanda hupita karibu sentimita 4.76 kwa sekunde. Sentimita 14 ni sekunde 3, na "Bismillah" yangu ilikuwa humo. Hilo nilishalipigia hesabu. Nilichosahau ni kwamba utepe ni mmoja: mwanzo wa B ndio mwisho wa A.

Jioni shangazi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, redio pembeni. Kwenye dakika ya 26 na kitu mkono wake ukasimama.

"Huyu mpiga fidla kameza nini?"

Nikamwomba anipishe, nikakuna nazi zote nne.